Ng'ombe Hasemi "Moo"

Desemba iliyopita nilienda kwa shosho Kinangop na nikafanya kitu ambacho bado kinanisumbua. Ng'ombe wake, Keru, alikuwa amezaa siku tatu kabla. Ndama alikuwa dume, na kwa mtu wa maziwa ndama dume ni mdomo wa kulisha tu, kwa hivyo jioni hiyo akauzwa, akapakiwa kwa pikipiki, akaenda. Saa mbili usiku Keru akaanza kulia. Hakuacha. Saa saba niko macho, nimejifunika blanketi tatu (Kinangop ni baridi, usidanganywe na mtu), nikaona siwezi kuteseka bure. Nikatoa simu, nikamrekodi dirishani, nikaweka biti chini ya sauti yake na kuandika "Msanii mpya kutoka Nyandarua." Kufikia asubuhi watu walikuwa wamecheka vibaya sana. Ilikuwa video yangu bora ya mwezi.

Shosho akaniuliza nachekea nini. Nikamwonyesha. Mimi nimepewa jina la babu, kwa hivyo shosho huniita mzee wake, hata akiwa amekasirika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akanirudishia simu.

"Mzee wangu, huyo haimbi. Anaita."

Nikasema si yote ni moo tu, shosho. Akaniangalia venye watu wazima hukuangalia wakigundua shule ilikula pesa bure. Akaniambia ng'ombe akiwa na ndama karibu huongea chini, mdomo umefungwa, sauti inatoka ndani kama mtu anayenong'ona. Ndama akipotea machoni, anafungua mdomo na sauti inapanda. "Hiyo uliyoshika kwa simu ni ya juu. Hiyo ni ya mtoto aliyepotea." Halafu akaenda kukata nepia, mimi nikabaki na simu yangu.

Niliporudi Nairobi nilianza kusoma, kwanza kwa sababu nilitaka kumshinda. Nikashindwa. Mwaka wa 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Nottingham na Queen Mary London walichapisha utafiti wa miito ya ng'ombe na ndama wao. Walirekodi kwa miezi 10. Walipata miito ya aina mbili kwa mama: mmoja wa chini, karibu hezi 80, mdomo ukiwa umefungwa ama umefunguka kidogo, ndama akiwa karibu, na mwingine wa juu, karibu hezi 150, wakati mama na ndama hawaonani. Tena kila ng'ombe alikuwa na sauti yake ya kipekee, na kila ndama vilevile. Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney wakachukua sauti 333 kutoka kwa mitamba 13 wa Holstein-Friesian, ukoo uleule wa Keru, wakaona kwamba mtamba huhifadhi sauti yake akiwa na furaha, akiwa na njaa ama akiwa ametengwa na wenzake. Yaani ukiwajua, unaweza kusema ni nani analia bila kutoka kitandani. Shosho hufanya hivyo kila usiku. Hana mashine ya kupima hezi.

Sasa hii "moo" tuliitoa wapi? Mimi niliitoa kwa kitabu cha picha cha chekechea, ng'ombe mweusi na mweupe, nyasi kijani, ua la mbao jeupe. Hakuna boma nililowahi kuona linalofanana na lile. Moo ni neno la Waingereza, na hata wao wana mengine: kuna neno la zamani zaidi la ng'ombe wa kawaida na lingine la fahali aliyechafuka. Wafaransa huandika meuh. Waholanzi husema boe. Ng'ombe wa Finland anasema ammuu, na wa Bengali anasema hamba. Ng'ombe ni mmoja, koo ni moja, watu ndio wanasikia kwa masikio ya lugha zao. Majirani zetu wa Rwanda wana kitenzi kizima kwa kazi hii, kwabira, na ng'ombe wao walikuwa wakitungiwa mashairi ya sifa yenye utaratibu wake maalum.

Sisi kwa Kiswahili tunasema ng'ombe analia. Basi. Nilikuwa nikiona huo ni umaskini wa maneno, sasa naona kinyume. Kulia ni neno la mtoto mchanga, la mjane, la kengele ya shule, la simu yako ikiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Ukisema ng'ombe analia hujasema ana huzuni, lakini pia hujasema ni kelele. Mlango umeachwa wazi. Ni kazi yako kwenda kuangalia analilia nini. Ukisema "anasema moo," umeshafunga kesi.

(Kidogo tu kando, kwa wenzangu wa kutafuta watazamaji. Mwaka wa 2006 habari ilizunguka dunia nzima kwamba ng'ombe wa Uingereza wana lafudhi, wale wa Somerset wanalia kama watu wa Somerset. Profesa wa fonetiki wa London, John Wells, akanukuliwa kila mahali. Baadaye ikajulikana habari ilikuwa imeanzishwa na watu wa matangazo waliokuwa wanauza jibini, na profesa mwenyewe akaeleza venye aliingizwa. Kwa hivyo si mimi wa kwanza kutumia koo la ng'ombe kutafuta umaarufu.)

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni venye watu wa hapa waliishi ndani ya hizo sauti. Kabla ya saa ya ukutani, siku ilikuwa na milango miwili, ng'ombe wakitoka na ng'ombe wakirudi, na huhitaji kuona lolote kati ya hayo, unasikia. Evans-Pritchard, yule mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wanuer wa Sudan miaka ya 1930, aliandika kwamba saa yao ilikuwa kazi za ng'ombe. Lakini huna haja ya kwenda Sudan. Angalia rejista ya darasa lako. Kiprotich na Cherotich ni watoto waliozaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kipng'etich na Chepng'etich walizaliwa ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni. Mama yuko ndani anaumwa na uchungu, nje kunasikika kwato na wale wa mbele wakiita ndama waliofungwa, na hiyo ndiyo saa iliyoandikwa kwa mtoto milele. Rais wetu wa pili aliitwa Toroitich, jina linalotafsiriwa kukaribisha ng'ombe nyumbani, na Moi ni ndama. Miaka 24 picha yake ilining'inia kwa kila duka Kenya, na jina lote lilikuwa ni zizi saa kumi na mbili jioni.

Sasa fikiria jioni ambayo hakuna kitu kinachorudi.

Mwaka wa 1887 ama karibu hapo, meli zilizobeba ng'ombe kutoka India kwa ajili ya jeshi la Italia zilitia nanga Massawa, Eritrea. Ndani yake kulikuwa na sotoka. Ugonjwa huu haushiki binadamu, lakini ng'ombe ambaye ukoo wake haujawahi kuujua hana ulinzi wowote: homa, macho na pua zinatiririka, vidonda mdomoni, kuhara mpaka maji yote mwilini yaishe, na kifo ndani ya siku chache. Ulishuka Ethiopia, ukafika huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kufikia 1896 ulikuwa umevuka Zambezi kuelekea Afrika Kusini. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zinakadiriwa kupoteza ng'ombe tisa kwa kila kumi. Nyati wakafa pia.

Wamaasai wana jina la kipindi hicho: Emutai, kumalizwa. Kabla ya sotoka kulikuwa kumepita homa ya mapafu ya ng'ombe, na baada yake ikaja ndui, ambayo hii sasa ilikuwa ya watu, na ikakuta watu ambao tayari hawana maziwa wala damu wala nyama. Upande wa Wakikuyu nao, mwishoni mwa miaka hiyo, ukame, nzige na ndui vilifuatana, na njaa ya 1898 na 1899 ikaitwa Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya. Watu wa kusini mwa Kiambu walikufa kwa wingi, na wengi waliobaki wakarudi kwa jamaa zao Murang'a kungoja mambo yatulie.

Angalia tarehe sasa, kwa sababu hapa ndipo damu yangu ilianza kuchemka. Reli ilianza Mombasa 1896. Ilifika mahali ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe, Enkare Nairobi, maji baridi, mwezi wa Mei 1899. Ilifika ziwani 1901. Sheria ya kwanza ya ardhi ya kugawia walowezi ikatoka 1902. Mzungu akashuka kwa gari la moshi, akasimama Bonde la Ufa, akaona nyasi mpaka upeo wa macho na hakuna mtu. Kimya kabisa. Akaandika kwao kwamba nchi ni tupu.

Haikuwa tupu, ilikuwa imefiwa. Kile kimya walichokisikia kilikuwa na umri wa miaka kumi tu. Mtu angepita palepale 1885 asingesikia hata mawazo yake kwa sababu ya ng'ombe. Nilisoma shule kutoka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, nikafundishwa reli, nikafundishwa walowezi, nikafundishwa hata majina ya magavana. Sotoka nilipewa nusu ya sentensi, kwa orodha ya "majanga ya asili." Sikumbuki mtu akituambia kwamba hiyo nusu sentensi ndiyo ilifungua mlango wa zile sura zingine zote.

Mwaka wa 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba wa kuondoka kwa malisho yao bora ya Bonde la Ufa, wengine kwenda Laikipia, wengine kusini. Ng'ombe walikuwa wameanza kuongezeka tena wakati huo. Waliahidiwa kwamba mkataba utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 wakatiwa sahihi nyingine ya kutoka Laikipia kwenda kusini, na maelfu ya watu na mifugo wakasukumwa njiani. Parsaloi ole Gilisho na wenzake wakaenda mahakamani 1913, na kesi ikatupwa kwa hoja ya kisheria kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya mataifa, kwa hivyo mahakama ya koloni haina uwezo nao. Yaani Wamaasai walikuwa taifa huru siku ya kushtaki tu.

Kuna kifungu kimoja kwa ule mkataba wa 1904 ambacho nilikisoma mara tatu. Wamaasai waliomba wabakishiwe maili tano za mraba kwa mteremko wa Kinangop, mahali pao pa tohara.

Kinangop. Kwa shosho.

Nilijua kwamba jina ni la Kimaasai, kama Ol Kalou na Ol Joro Orok, lakini unajua venye jina la kwenu linazoea ulimi mpaka linaacha kumaanisha kitu. Shosho alifika hapo 1964, bibi harusi, kwa shamba ambalo miaka michache kabla lilikuwa la mzungu. Hiyo ilikuwa ile mipango ya makazi ya miaka ya mwanzo ya sitini, serikali inanunua mashamba ya walowezi na kuyakatakata, na wewe unalipa mkopo kidogokidogo kwa pesa ya maziwa. Babu alilipa. Shosho bado ana risiti kwa sanduku la bati. Na ng'ombe wa gredi kama Keru ni ng'ombe ambaye Mwafrika wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kumfuga mpaka Mpango wa Swynnerton wa 1954. Kwa hivyo kuwa naye kulikuwa na heshima yake, na mimi sitacheza na hilo. Hao watu waliteseka kupata pale.

Nilimpigia simu nikamuuliza kama alijua kuhusu maili tano. Akanyamaza kidogo. Akasema walipofika waliambiwa ilikuwa nchi ya Wamaasai zamani, "lakini sisi hatukupata mtu." Ni maneno yaleyale. Sikumwambia. Sijui hata ningemwambia nini, nikiwa nimelelewa kwa maziwa ya hapo.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu hutuambia: sotoka iliishia kwetu, na kazi kubwa ya kuimaliza ilifanyiwa Muguga, ile Muguga ya Kiambu unayopita ukienda Limuru. Pale palikuwa na maabara ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki, na mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Mwingereza, Walter Plowright, na wenzake walikuza virusi vya sotoka kwa seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chombo hadi chombo takriban mara 90, mpaka vikapoteza ukali wa kuua lakini bado vinafundisha mwili kujilinda. Chanjo hiyo ilisambaa Afrika nzima. Alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999.

Lakini chanjo haikutosha. Virusi vilijificha kwa wafugaji wa mbali, mahali gari halifiki na friji haipo. Ikabidi itengenezwe chanjo inayovumilia joto, na wafugaji wenyewe wafundishwe kuchanja. Na kujua virusi vimejificha wapi, wataalamu ilibidi wakae chini na wachungaji na kuwauliza: mara ya mwisho kuona ugonjwa unaofanya hivi ni lini, ng'ombe alikaaje, macho yalikuwaje, kwenu mnauitaje? Wachungaji walikuwa na jina kwa kila ugonjwa na dalili zake kwa mpangilio. Wamaasai huuita olodua. Miaka mia moja baada ya mtu kusema nchi ni tupu, mtu mwingine alikuja na daftari akauliza, na majibu yalikuwepo.

Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapahapa Kenya. Mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba imeisha. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia yote kufutwa duniani, wa kwanza ukiwa ndui. Nimewauliza marafiki zangu saba kama wanajua. Mmoja alijua, na anasomea udaktari wa mifugo.

Ile video niliitoa. Si ati mtu aliniambia niitoe. Nilijaribu kuisikiliza tena bila biti, na sasa nikisikia ile sauti ya juu siwezi kuisikia kama kitu kingine. Dakika moja na sekunde kumi, na katikati kuna mahali Keru ananyamaza kabisa, kama sekunde nne. Wakati wa kuhariri nilikata hapo kwa sababu niliona ni pengo. Alikuwa anangoja kujibiwa.

Alilia siku tatu. Mimi nilikuwa bado pale usiku wa nne, na usiku huo Keru alikuwa kimya. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza. Kitu kama saa tisa nikasikia mlango wa nyuma, nikachungulia, nikaona tochi inaenda upande wa zizi. Nikavaa jaketi nikamfuata shosho. Nikamuuliza kuna nini, mbona hatujasikia kitu.

"Ndiyo nimeamka," akasema, akaingia kumshika masikio kuona kama ana joto.